Neno Nililompa Mtani

Iringa, Juni 15, 1957

Shule imefungwa. Nilifika jana juu ya lori la mahindi, masikio yameganda kwa baridi. Mwalimu wetu ametuagiza tuandike shajara kwa Kiingereza likizo nzima tusije tukasahau. Nimeandika ukurasa mzima: nimeamka, nimefagia, nimekula. Kwa Kiingereza mimi ni mtu asiye na ndugu wala siri. Kwa hiyo hii nyingine naiandika kwa Kiswahili, na hataiona.

Nyumba yetu ya Miyomboni ni ile ile. Mama ni yule yule. Aliyebadilika ni kaka Kalinga, karani wa ghala la tumbaku: sasa ana baiskeli ya mashindano. Inalala chumbani kwake, imefunikwa shuka.

Tangu baba afariki, kaka ndiye mkubwa wa nyumba. Si mkali. Ni mimi tu. Nikitaka kusema naye ulimi unakuwa mzito, kwa hiyo maneno yangu kwake huwa nayapitisha kwa mama, naye huyafikisha akiwa anamwekea chakula.

Juni 16

Baada ya ibada waendesha baiskeli wamekuja kukaa barazani kwetu, kama wanavyofanya siku hizi kila Jumapili. Nimewapelekea chai nikakaa nyuma ya mlango kuchambua maharage. Sijawahi kuchambua maharage polepole hivyo.

Wanaosema sana ni wawili: kaka, na Philbert, Mngoni wa Songea, tarishi wa ofisi ya serikali. Katikati yao hukaa fundi Muhidini mwenye karakana ya baiskeli, mtu wa asili ya pwani, mpole, anayewaita wote "bwana".

"Bado hujafa?" Hiyo ndiyo salamu ya Philbert.

"Nakusubiri utangulie, ninyi ndio mnaojua njia ya kukimbilia," kaka akajibu.

"Hizi pembe za kondoo umezitoa wapi?" Philbert alikuwa ameshika usukani mpya wa baiskeli ya kaka, ule uliopindwa kwenda chini.

"Usiziguse na mikono yako ya gundi ya bahasha."

"Fundi, muulize mteja wako. Akiinama hivi, uso chini, makalio juu, anaiona barabara au anaiomba radhi?"

"Bwana Philbert, huko ndiko kukata upepo," Muhidini akasema.

"Upepo wa Iringa haukatwi. Unakukata wewe. Na hizi gia tatu za nini? Mhehe ana haja gani na gia tatu? Ile moja ya kurudi nyuma inamtosha."

"Babu yako alikuja huku na ngao, akarudi kwao hata viatu hana."

"Aliviacha kwa bibi yako. Alisema atavifuata."

Muhidini alimwaga chai. Mama naye, chumbani, nilimsikia anacheka ndani ya khanga. Mimi huwa nashangaa. Mtu mwingine akimwambia kaka nusu ya hayo, pangewaka moto. Lakini Mngoni ni mtani wetu. Wazee walipigana hadi wakachoka, kilichobaki ni hiki. Mngoni anaweza kumwambia Mhehe lolote, hata kumchukulia kitu chake, na Mhehe akikasirika yeye ndiye mwenye kosa.

Halafu wakagombana kweli kweli kuhusu tairi. Kaka huzijaza upepo mpaka zinalia zikigongwa. Philbert akasema barabara ya changarawe si meza ya karani, ukijaza hivyo utarushwa kama bisi kwenye chungu. Kaka akasema tairi laini ni za watu wanaobeba barua na mizigo ya mkaa. Mashindano ni mwisho wa Julai: kutoka mjini, kuteremka Ipogolo, kwenda Tanangozi na kurudi. Watakuja hata watu wa Mbeya.

Juni 19

Nimepewa kazi. Kila Jumamosi nitaosha baiskeli. Mama ndiye aliyeniambia.

Juni 23

Philbert amemwambia kaka kwamba amesikia kitovu cha gurudumu la nyuma kinalia "ka, ka, ka" kama kuku anayetaga. Alisema huku amekunja uso kama daktari. Kaka akafungua kitovu chote pale barazani, vipande vikajaa kwenye sinia la mama. Alipomaliza kukirudisha jua limezama. Hakikuwa na kitu.

"Sikusema kinalia leo," Philbert akasema. "Nilisema nimesikia. Nilikiota."

Kaka alimkimbiza mpaka bombani. Wamerudi wameshikana mabega.

Juni 29

Baridi. Nimeosha baiskeli, maji yamenikata vidole.

Julai 4

Kaka amegonga mbuzi barabara ya Kihesa. Mbuzi aliondoka zake. Kaka amechubuka viwiko, na foku imepinda kwenda nyuma, ile miguu miwili ya chuma inayoshika gurudumu la mbele. Badala ya kuipeleka karakana ameifungua mwenyewe, akaibana kwenye panda ya mti wa uani na kuinyoosha kwa bomba. Muhidini amekuja jioni, ameitazama, hakufurahi.

"Bwana Kalinga, chuma hiki umekikunja mara mbili. Nitakuagizia nyingine Dar es Salaam."

"Itafika lini?"

"Ikifika."

"Basi nitashindana na hii, fundi. Imenyooka kuliko ilivyotoka kiwandani."

Philbert akainama, akafumba jicho moja. "Imenyooka kabisa. Inatazama Mahenge."

Wakacheka wote.

Julai 6

Mama anavuna. Tumebeba mahindi kutwa, baiskeli imeoshwa harakaharaka.

Julai 13

Leo nilikuwa naifuta foku kwa kitambaa kikavu, pale juu karibu na shingo, kwa upande wa ndani usioonekana mtu akiwa amesimama. Kitambaa kikanasa. Nikakivuta, ukabaki uzi. Nikatazama: mstari mwembamba kama unywele, rangi ya kutu. Nikaufuta ukatoka. Nikamwagia maji, nikasubiri kidogo, ukarudi tena, kama kitu kinachovuja kutoka ndani. Nikapitisha ukucha. Ukucha uliingia.

Julai 14

Nimeamka nimekusudia kumwambia kaka. Nimesimama mlangoni kwake na kikombe cha uji.

"Nini, Lea?"

"Uji."

Nikaondoka. Nilimwambia mama, mama akasema, "Mimi najua nini habari za vyuma? Mwambie mwenyewe." Baadaye akamwambia, kwa namna yake: "Mdogo wako anasema baiskeli ina kutu." Kaka akajibu, "Basi aifute vizuri."

Julai 16

Nimepata njia. Nimekutana na Philbert bombani akinywesha baiskeli yake, maana anaiita punda. Yeye si mtu wa kuogopwa. Nikafikiri: huyu ndiye mtu pekee mjini hapa anayeweza kumwambia kaka lolote, mahali popote, bila kuogopa. Nikimpa yeye neno langu litafika.

"Kaka Philbert, foku ya kaka imepasuka. Ndani, juu, karibu na shingo."

Alinitazama, mdomo ukaanza kufunguka.

"Mhehe mdogo! Kumbe na wewe unaongea? Imepasuka?"

"Ndiyo."

"Nitamwambia. Wee, nitamwambia mpaka akome."

Nimerudi na ndoo nyepesi kichwani, ingawa ilikuwa imejaa.

Julai 17

Nimelala vizuri.

Julai 20

Kaka ameipaka baiskeli rangi ya mafuta, nyekundu, foku na yote. Imeng'aa kama pipi. Hakuna cha kuosha.

Julai 21

Natamani ningekuwa nimemeza ulimi siku ile bombani.

Walikuwa wamejaa barazani, hata vijana wa Kihesa walikuja kuitazama rangi. Philbert akaizunguka baiskeli, akanusa, akapiga magoti mbele ya gurudumu, akalia kwa sauti ya wanawake wa msibani.

"Jamani, foku! Foku ya mtani wangu imepasuka! Nani atanizika maana mimi nitakufa kwa kicheko siku hiyo? Kalinga, nakuonea huruma. Utafika Ipogolo, gurudumu litakuaga, litasema, Bwana Karani, mimi naendelea na safari, wewe pumzika hapa na mbuzi wako!"

Watu walianguka chini. Muhidini aliyekuwa anakunywa kahawa alipaliwa. Kaka mwenyewe machozi yalimtoka.

"Juzi kitovu, leo foku," akasema. "Mngoni, safari hii sifungui hata skrubu moja."

Muhidini akainama hata hivyo, akapitisha kidole kwenye foku. Kidole kilipita juu ya rangi mpya, nene, laini. Akainuka.

Nilikuwa nyuma ya mlango, sinia la maharage mapajani. Nilikuwa nimempa Philbert jambo la kweli naye akadhani nimempa mzaha wa kuchezea. Sasa neno lenyewe limeshatumika. Watu wamelicheka, limekwisha.

Julai 23

Nimemsubiri Philbert njiani kwenda ofisini. Nililia kabla sijasema kitu, nikajichukia.

"Ni kweli," nikamwambia. "Sikuwa natania. Mimi sijui kutania."

Akaacha kutabasamu. Sijawahi kuuona uso wake bila kicheko. Ni uso wa mtu mwingine, mkubwa zaidi. Mchana amekuja wakati kaka yuko ghalani kwenye tumbaku. Akaipindua baiskeli chini juu, akakwaruza rangi kwa kisu kidogo pale nilipomwonyesha. Akapitisha ukucha. Akakaa chini kwenye udongo.

"Mungu wangu," akasema. "Na mimi nimeshamlilia."

Julai 24

Philbert amemwambia kaka habari za ufa jana jioni, kwa adabu. Kaka akamuuliza nani alikwaruza rangi yake. Philbert akasema, "Mimi." Kaka akacheka, akasema mtani ana haki ya kuharibu, na yeye ana haki ya kupaka tena. Akapaka. Hakutazama chini ya brashi.

Julai 25

Philbert amekwenda kwa Muhidini. Muhidini, mtu wa watu, akamwambia, "Bwana Philbert, mimi mwenyewe nilipitisha kidole, na ile ya Dar bado haijafika. Halafu wewe una nia gani hasa? Wewe si unashindana naye?"

Hilo hatukulifikiria. Sasa wapo wanaosema Mngoni anaogopa gia tatu.

Watu wa Mbeya wameingia kwa basi, baiskeli juu ya paa. Bingwa wao anaitwa Isihaka, wa Mwanjelwa, mwembamba kama spoki. Amekaa barazani kwetu. Ametoboa matundu kwenye gia ya mbele ili kupunguza uzito.

"Umepunguza na uzito wa chakula?" kaka akamuuliza.

"Nakula wali wa Ubaruku tu, ndugu yangu. Ugali wenu ni wa kupandia matuta."

Kaka amefurahi sana. Uso wake wote ulikuwa unawaka. Niliona jinsi anavyoyataka mashindano haya, nikahisi kama mtu anayetaka kumwibia.

Julai 26

Asubuhi nimejaribu. Andiko hili liwe ushahidi kwamba nimejaribu. Kaka alikuwa anapaka cheni mafuta ya nyonyo, tone moja kila kiungo. Nilisimama mbele yake, siyo mlangoni.

"Kaka, foku imepasuka. Niliona mimi. Kabla ya rangi."

Akainua macho. Kwa muda kidogo alinitazama kweli, na nilidhani amesikia. Kisha tabasamu likaja.

"Amekutuma Mngoni."

"Hapana, kaka. Mimi ndiye niliyemtuma yeye."

Akacheka hadi tone likaanguka pembeni. "Sikia maneno! Mama! Mngoni amemfundisha Lea utani!" Akanishika kichwa, akanitikisa kwa upendo. "Mdogo wangu, leo umenifurahisha. Nilidhani utakaa kimya mpaka uolewe."

Nikatafuta neno jingine. Kwa Kiswahili sikulipata, kwa Kihehe sikulipata.

Julai 27

Nitaandika yote, maana nikifumba macho nayaona.

Uwanja ulijaa tangu alfajiri. Upepo ulikuwa unapeperusha kofia za watu. Waendesha baiskeli wamepangwa mstari, kaka katikati, Isihaka kulia kwake. Philbert alikuwa na namba mgongoni, lakini hakukaa kwenye baiskeli yake. Aliilaza chini. Akaja mbele ya kaka, akavua kofia.

"Shikamoo, kaka Kalinga," akasema.

Uwanja ukatulia, kisha ukalipuka. Mngoni kumwamkia Mhehe! Wamelingana umri, tena watani! Watu waliinama wakishika mbavu.

"Nakuomba," Philbert akaendelea. "Nakuomba kwa heshima zote, usiende. Chukua yangu. Nenda na yangu, mimi nitabaki."

"Marahaba, mwanangu," kaka akajibu, na uwanja ukalipuka tena. Isihaka alikuwa amejilaza juu ya usukani kwa kicheko. Mzee mmoja karibu yangu akafuta macho, akasema, "Utani kama huu sijauona tangu nizaliwe."

Hapo Philbert akaishika baiskeli ya kaka kwa mikono miwili akaivuta. Nikajua anachofanya: mtani anaweza kuchukua. Wakavutana. Kaka anacheka, Philbert hacheki, watu wanapiga makofi kwa mpigo kama wanaimba. Mwenye filimbi akasema, "Bwana Philbert, basi, inatosha, tumechelewa." Vijana wawili wakaja wakamtoa polepole, wakimpigapiga mgongoni, wanampongeza.

Nilipiga kelele. Nasema kweli, nilipiga kelele, "Kaka!" Akageuka, akaniona, akainua mkono kunipungia. Filimbi ikalia.

Philbert hakwenda. Alibaki amesimama pale pale. Tulikuwa tunatazama upande mmoja, ule wa mteremko, ambako huoni kitu, unaona vumbi tu likipanda.

Lori la kokoto ndilo lililomrudisha kaka. Wanasema alikuwa anaongoza, mbele ya Isihaka, ameinama kwenye zile pembe. Wanasema hakukuwa na shimo wala jiwe. Gurudumu lilitoka tu, likaendelea kuteremka peke yake mpaka darajani.

Julai 28

Yuko hai. Mguu wa kulia, mfupa ulitoka nje.

Julai 30

Mama analala hospitalini. Mimi napika na kupeleka.

Agosti 1

Leo amekula. Ameniuliza nani alishinda. Isihaka, nikamwambia. Akauliza kwa gia ya ngapi alipanda Ipogolo wakati wa kurudi. Sijui, kaka. "Muulize Philbert," akasema. "Mbona haji kunitukana? Au ananiogopa?"

Kuhusu foku hakusema kitu. Alinitazama tu, akageuza macho haraka kuliko mimi.

Agosti 4

Mguu unanuka. Wote tunajifanya hatusikii.

Agosti 6

Daktari ni Mzungu mgeni, Kiswahili chake ni cha "lete" na "ngoja". Leo mkalimani wake hakuwepo. Mama akanisukuma mbele, akasema, "Huyu anasoma." Daktari akanisemesha kwa Kiingereza, taratibu, kwa wema, maneno mafupi yote ninayoyajua. Nilitamani kuwe na moja nisilolijua. Mguu hautapona. Kesho asubuhi wataukata, juu ya goti, la sivyo sumu itapanda. Mgonjwa mwenyewe lazima akubali. Nimwambie leo.

Nilimwambia mama, akajifunika khanga usoni. Kisha akasema, "Wewe ndiye uliyesikia, mwanangu. Mwambie wewe."

Niliingia nikakaa kitandani kwa kaka. Nikakunja shuka yake, nikaikunjua. Akaniambia habari za foku mpya: Muhidini ametuma salamu kwamba ile ya Dar imefika. Alikuwa anahesabu miezi ya kupona. Nikatoka nje.

Philbert alikuwa ukumbini, amevaa shati la kanisani, kofia mkononi. Nikamwambia yote. Nikamshika mkono, mimi ambaye sijawahi kumshika mkono mwanamume.

"Kaka Philbert, anakusubiri. Mtukane. Mtukane kama kawaida, asubuhi nitakuwa nimepata nguvu ya kumwambia. Leo acha acheke."

"Nitamtukana," akasema. Akajipangusa uso, akavuta pumzi, akaingia kwa kishindo, kama anavyoingiaga barazani kwetu. Nikamfuata.

Kaka alijiinua kwa viwiko, uso umeng'aa. "Haya," akasema.

Philbert alifungua mdomo. Aliutazama mguu chini ya blanketi. Niliona anatafuta.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema.

Kaka akasubiri. Alikuwa bado anatabasamu, anasubiri mkia wa maneno hayo, pale panapouma. Philbert akainama, akamwekea blanketi vizuri begani.

"Endelea," kaka akasema.

"Mungu atakusaidia, ndugu yangu."

Tabasamu likaondoka polepole. Kaka akamtazama Philbert, kisha kofia ile aliyoishika kwa mikono miwili, kisha akajilaza. Jirani yake wa kitanda cha pili alikuwa anamenya chungwa, naye akaacha.

"Lini?" kaka akauliza.

Philbert akaitazama kofia yake. Kaka hakumlazimisha. Akageuza kichwa kwenye mto mpaka akanipata mimi, na safari hii hakuyaondoa macho yake.

"Lea. Wanakata chini ya goti, au juu?"

"Juu, kaka," nikasema. "Kesho asubuhi."

Akaniamini palepale.